Chumba cha Mtoto Mchanga: Kipi Kiwe cha Zamani, Kipi Kinunuliwe Kipya

Mdogo wangu alipofikisha miezi saba ya ujauzito, mama mkwe wake alifika Dar es Salaam kutoka Tanga akiwa na kitanda cha mtoto kilichofunguliwa vipande vipande na kufungwa kwa kamba ndani ya buti la basi. Kilikuwa kitanda cha mvule kilichochongwa mwaka 1984, na watoto wake wote watano, akiwemo mume wa mdogo wangu, walikilalia kwa zamu. Wiki hiyohiyo shemeji alikuwa amekwisha kuona Kariakoo kitanda kipya cheupe, chenye droo chini na seti ya mito ya kuzungushia ndani, akaacha malipo ya awali. Mimi kazi yangu ni kukarabati samani za zamani, kwa hiyo wote watatu walinigeukia mimi. "Mwanangu," mama akaniambia, "kitanda hiki kimelea watu watano, leo wote wana familia zao. Sema wewe unayezijua mbao." Nilimwomba anipe siku mbili nikipime.

Siku hizo mbili zilinifundisha kwamba chumba kizima hakiwezi kuamuliwa kwa neno moja, kiwe cha zamani au kiwe kipya. Kila kitu huamuliwa peke yake, na mizani niliyoitumia ni hii: mwili wa mtoto utakutana na kitu hicho namna gani, na je, mtu mzima atakuwa macho wakati huo? Bei, uzuri na kumbukumbu za ukoo vina nafasi yake, lakini vinafuata nyuma ya swali hilo.

Kitanda

Nilianza na kitanda kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho mtoto huachiwa gizani kwa saa nyingi bila jicho la mtu. Jambo la kwanza kupima ni nafasi kati ya fito za ubavuni. Kiwango cha Marekani hakiruhusu nafasi inayozidi takriban sentimita 6, na kile cha Ulaya kinataka iwe kati ya sentimita 4.5 na 6.5. Sababu yake iko katika maumbile ya mtoto: nyonga zake ni nyembamba kuliko kichwa, hivyo akiteleza kwa miguu kwenye uwazi mpana, kiwiliwili hupita na kichwa hunaswa. Kitanda cha mama kilikuwa na nafasi za sentimita 9. Fundi seremala mmoja wa Keko alipendekeza tuongeze ufito mmoja katikati ya kila nafasi, nami nilikubaliana naye mpaka tulipopiga hesabu: ufito wenye unene wa sentimita 2 ungeacha nafasi mbili za sentimita 3.5 kila moja, ambazo ziko chini ya kikomo cha Ulaya kilichowekwa ili mkono au mguu wa mtoto usibanwe. Kukirekebisha kwa haki kungetaka tung'oe fito zote na kutoboa matundu mapya, yaani tutengeneze ubavu mwingine kabisa.

Jambo la pili ni vichwa vya nguzo. Mafundi wa zamani walipenda kukereza vichwa vya duara au vya umbo la kuba juu ya kila nguzo, na kwa macho ya mtu mzima hilo ni pambo zuri kuliko yote yaliyomo katika kitanda. Kwa mtoto aliyeanza kusimama, kichwa cha nguzo ni ndoano inayoweza kukamata ukosi wa nguo au uzi wa shingoni, ikamning'iniza. Kiwango cha Marekani kinataka nguzo isizidi ukingo wa kitanda kwa zaidi ya milimita 1.5, au iwe ndefu sana, zaidi ya sentimita 40 juu ya ukingo, kama zile za kufungia chandarua. Kilicho katikati ya vipimo hivyo viwili ndicho cha hatari. Michoro iliyotobolewa kwenye ubao wa kichwani nayo inahitaji kutazamwa, kwa kuwa tundu ambalo kichwa au shingo ya mtoto inaweza kuingia halina nafasi katika kitanda hata likiwa limechongwa kwa ustadi wa namna gani.

Jambo la tatu ndilo lililomaliza ubishi. Kitanda kile kilikuwa na ubavu mmoja unaoshuka kwa kuteleza, ili mama asiiname sana anapomlaza mtoto. Vitanda vya aina hiyo vilikuwa vya kawaida duniani kwa miongo mingi, lakini mwaka 2011 Marekani ilipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza baada ya watoto kufa walipobanwa katikati ya godoro na ubavu uliochomoka. Ubavu unaoshuka huchakaa kila unapotumika, na kitanda hiki kilikuwa kimetumika na watoto watano.

Sasa tukigeukia kitanda kipya cha Kariakoo, nisingependa msomaji adhani kwamba upya ni cheti. Fito zake zilikuwa na nafasi ya sentimita 5.5, pembe zake zilikuwa tambarare, na chaga zake zilikuwa na ngazi tatu za kushusha kadiri mtoto anavyokua. Katika hayo matatu kilikishinda kitanda cha mama bila shaka yoyote. Lakini mbavu zake zilikuwa za MDF, yaani nyuzi laini za mbao zilizokandamizwa kwa gundi, na kwa mtu anayeishi pwani hilo ni jambo la kufikiria. Ubao huo hufyonza unyevu wa hewa kama wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ukavimba kwenye kingo, na skrubu iliyokazwa mara mbili au tatu hupoteza mshiko kwa kuwa nyuzi ndefu za mbao za kuishikilia hazipo. Gundi yake pia hutoa hewa ya fomaldehaidi, inayowasha macho na koo, hasa miezi ya mwanzo na hasa chumba kikiwa na joto. Anayenunua kitanda cha namna hiyo akifunge mapema, akiache madirisha wazi kwa wiki kadhaa kabla mtoto hajazaliwa, na akague skrubu kila mwezi. Ile mito ya kuzungushia, ambayo ndiyo iliyomvutia shemeji, iachwe dukani. Inazuia hewa, inaweza kuziba pua ya mtoto, na Marekani iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2022.

Kati ya kitanda cha zamani na cha dukani ipo njia ya tatu, nayo ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote: kitanda kipya kilichotengenezwa na fundi kwa mbao halisi. Mtiki unaopandwa Longuza, wilayani Muheza, na Mtibwa, mkoani Morogoro, una mafuta ya asili yanayoufanya usiliwe upesi na wadudu wala kuoza kwa unyevu. Mninga nao hauchezi sana hali ya hewa inapobadilika. Mpe fundi vipimo kwa maandishi, usimwonyeshe picha tu: nafasi ya fito kati ya sentimita 4.5 na 6, pembe tambarare, mbavu zote nne zisizosogea, na kina cha sentimita 60 au zaidi kutoka kwenye chaga hadi ukingo wa juu pale chaga zinapokuwa chini kabisa. Kata kipande cha mbao chenye upana wa sentimita 6 na umwambie kwamba utakijaribu katika kila nafasi siku ya kuchukua mzigo, na kwamba hakitakiwi kupita. Fundi mzuri hatachukia kuambiwa hivyo.

Rangi, kabla ya mengine yote

Hapa ninaomba uvumilivu wa msomaji, kwa kuwa ndilo jambo ninaloliona likipuuzwa zaidi katika kazi yangu. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi ili zikauke haraka na ziwe na mng'aro, na hata vanishi nyingine zilikuwa nayo. Marekani iliiondoa katika rangi za majumbani mwaka 1978; katika nchi nyingi nyingine iliendelea kuuzwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwa sababu huharibu ubongo unaokua, na kikomo kinachopendekezwa kwa rangi ni sehemu 90 kwa kila milioni. Mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda kama anavyotafuna kidole. Akiwa na miezi minane, hicho ndicho kitu kilicho sawasawa na kimo cha mdomo wake.

Kwa hiyo, kati ya samani ya zamani iliyopakwa rangi na ile iliyoachwa mbao tupu au iliyopakwa mafuta tu, chagua ya pili bila kusita. Iliyopakwa rangi usiipige msasa mkavu nyumbani, maana vumbi lake ni hatari kuliko rangi yenyewe ikiwa imetulia, na mama mjamzito asiwepo kabisa mahali kazi hiyo inapofanyika. Kupaka rangi mpya juu ya ile ya zamani kunasaidia kwa kitu kisichotafunwa wala kusuguana, kama fremu ya kioo ukutani. Kwa kitanda hakusaidii. Na kwa upande wa vitu vipya, usiwe mwepesi kuamini kila kopo: nunua rangi ya maji yenye alama ya shirika la viwango na maelezo kwamba haina risasi, hata kama fundi atakuambia ile ya mafuta inang'aa zaidi.

Godoro na chandarua

Katika godoro hakuna ulinganisho mrefu. Godoro la sufi tulilolalia sisi ni laini, linabonyea na kuacha shimo, na unyevu ukiingia haukauki hadi ndani. La sponji lililotumika huwa limekwisha kubonyea mahali alipolala mtoto wa kwanza. Nunua jipya, gumu, linalojaa kitanda sawasawa. Vidole viwili vya mtu mzima visipate nafasi kati yake na ubavu, na ukilibonyeza kwa kiganja uso wake uinuke mara moja. Mtoto alazwe chali juu ya shuka moja lililobanwa, bila mto na bila blanketi, na kwa nusu mwaka wa kwanza kitanda hicho kikae ndani ya chumba cha wazazi, kama Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinavyoshauri. Familia nyingi za kwetu, ambazo "chumba cha mtoto" ni pembe moja ya chumba cha mama, zimekwisha kutimiza shauri hilo bila kujua.

Chandarua nacho kiwe kipya na chenye dawa. Kile alichopewa mama kliniki kinatosha kabisa. Kifungwe kwenye dari au kwenye nguzo ndefu, kikazwe chini ya godoro, na kamba zake zisiachwe zikining'inia karibu na mikono ya mtoto.

Kasha la njumu na kabati la droo

Nyumba nyingi za mwambao zina kasha: sanduku zito la mbao lililopambwa kwa njumu za shaba, mara nyingi lenye droo tatu chini, ambalo watalii hulifahamu kama sanduku la Zanzibari. Bibi hulipeleka kwa mjukuu kama ishara ya baraka, na hakuna kabati la dukani litakalokupa chumba chenye uzito ule. Hapa, tofauti na kitandani, ninasimama upande wa zamani, ila kwa masharti.

Kifuniko cha kasha ni kizito na hakina cha kukizuia. Mtoto anayejishikiza ukingoni na kusimama akikivuta, kitamwangukia mikononi au kichwani, na mtoto mkubwa kidogo anaweza kuingia ndani na kujifungia. Fundi akufungie mkono wa chuma unaoshikilia kifuniko mahali popote kinapofikia, aondoe komeo linalojifunga lenyewe, na kama hataweza, basi kasha litumike kwa droo zake za chini pekee na kifuniko kifungwe kwa ufunguo. Kulifanya meza ya kubadilishia nepi sikushauri, kwa sababu vichwa vya njumu huchubua ngozi.

Kabati jipya la droo lina hatari yake nyingine. Ni jepesi, na mtoto akivuta droo mbili au tatu na kuzipanda kama ngazi, linamwangukia lote. Kasha si rahisi kuanguka hivyo, kwa kuwa ni fupi na zito. Ukinunua kabati, lifunge ukutani kwa vyuma vya pembe siku ileile linapoingia ndani. Vinginevyo, katika suala la kutunza nguo, hayapishani sana.

Linalopishana ni kilichowekwa humo kabla. Makasha yetu hutunzwa kwa vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuzia nondo na mende, na nguo za mtoto alizovaa baba yake huwa zimelala na harufu hiyo kwa miaka thelathini. Watu wengi wa maeneo yenye malaria, na sisi tumo, wana upungufu wa kurithi wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu, bila kujua. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivikwa nguo au kufunikwa blanketi lenye naftalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, akapata manjano kali inayoweza kudhuru ubongo. Kwa sababu hiyo nguo za ukoo zifuliwe mara kadhaa na kuanikwa juani siku nyingi, na ile ambayo bado inanuka itundikwe ukutani ndani ya fremu ya kioo, asivikwe mtoto. Kasha lenyewe lifutwe ndani, liachwe wazi juani, na vidonge hivyo visirudi tena. Karafuu kavu kwenye kifuko cha kitambaa zitatosha kulipa harufu nzuri. Tazama pia kama kuna unga laini wa mbao chini ya miguu ya kasha, ambao ni dalili ya bungua, na kagua nyufa zote kama hazina kunguni kabla halijapita mlangoni.

Kiti, nguo na sakafu

Katika vitu hivi cha zamani kinashinda kwa wazi, na ninafurahi kusema hivyo. Kiti cha kunyonyeshea kiwe kile cha mbao ngumu chenye mikono mipana na kikalio cha henzirani, ambacho hupitisha hewa mgongoni katika joto la Januari. Makochi mapya ya ngozi ya bandia hutoa jasho na humzamisha mama aliyechoka hadi akasinzia na mtoto kifuani, na kusinzia na mtoto juu ya kochi ni miongoni mwa namna hatari zaidi za kulala naye. Kiti kigumu kidogo humweka mama macho. Kama ni kiti cha bembea, kagua maungio yake, na mtoto akianza kutambaa kitolewe chumbani, kwa kuwa miguu yake ya upinde hubana vidole.

Kanga ya zamani, iliyofuliwa mara mia hadi ikawa nyepesi kama hewa, ni bora kuliko kitambaa chochote kipya cha mtoto ninachokifahamu. Inafyonza, haichubui, na inakauka kwa nusu saa. Mpya ina dawa ya kiwandani inayoifanya ikakamae, na hufaa zaidi kutundikwa ukutani, jina lake likisomeka vizuri, mahali mtoto asipoweza kuifikia. Tahadhari niliyoitoa juu ya naftalini inaihusu kanga kuliko nguo nyingine zote, maana ndiyo inayokaa kashani muda mrefu.

Sakafuni, mkeka wa ukindu, mpya au wa zamani usiochanika, unaufaa mwambao kuliko zulia, ambalo hushika vumbi na kuota ukungu wakati wa masika. Mkeka unafutwa, unaanikwa, na unakunjwa mtoto anapohamia chumba kingine.

Susu la kuning'iniza nimeliacha mwisho kwa kuwa nililipenda sana na sikuweza kulitetea. Kwa kumbembeleza mtoto mchana, mama akiwa ameketi kando yake, kamba zikiwa mpya na ndoano ikiwa imekazwa kwenye boriti ya kweli, sioni ubaya katika miezi michache ya kwanza. Kwa usingizi wa usiku halifai, kwa kuwa kitambaa chake hujikunja na kidevu cha mtoto hushuka kifuani, na siku atakapoanza kujigeuza, liondolewe moja kwa moja.

Nilipomweleza mama, nilianza na ile hesabu ya fito, kisha nikamshika mkono nikauweka kwenye ubavu unaoshuka ili ausikie unavyocheza. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa mbao zake?" Mbao zake ni mvule wa miaka arobaini usio na tundu hata moja la mdudu, na haukuwahi kupakwa rangi. Ubao wa kichwani tumeugeuza kuwa rafu, umefungwa ukutani kwa skrubu ndefu juu ya kasha, na fito zake zimekuwa vitundikio vya nguo upande wa mlango. Shemeji alirudishiwa malipo yake ya awali, akampelekea fundi wa Keko pamoja na karatasi ya vipimo. Fedha iliyobaki haikutosha kabati wala kiti, ikanunua godoro tu, na kwa yeyote aliye na uwezo wa kununua kitu kimoja kipya katika chumba kizima, ningemwambia anunue hicho.